Maman Riziki Hatazami Shimo

Kamituga, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano

Mama Neema mwenzangu,

Sasa ni mwaka na nusu tangu nitoke kwetu Kasha, Bukavu. Mnaamkaje huko? Neema amepona kikohozi? Mvua haijaendelea kula udongo nyuma ya nyumba? Mimi nipo, ila magoti yananisumbua. Simu yangu iliingia maji, ndiyo maana nampa dereva wa pikipiki karatasi hii.

PDG wetu, yaani mkubwa wa shimo, alirudi kwao na mgongo mbovu. Shimo lisilo na mkubwa hakuna anayelilisha. Mkubwa ndiye ambaye mnunuzi wa dhahabu humpa unga, maharagwe na mafuta ya pampu, na mwamba ukitoa dhahabu, fungu lake ni nono. Wenzangu wengine walinitaka mimi, wengine Bisimwa, yule wa Walungu anayejisifu hata usingizini. Sikufichi, nilifurahi. Kwa fungu la mkubwa ningerudi nyumbani nisichimbe tena.

Akaja Maman Riziki, anayenunua dhahabu hapa, kuchagua mkubwa atakayemlisha. Nilikuwa nimemwekea mawe mazuri kwenye gunia. Hakuyagusa. Alituita sisi wawili kwake kula bugali na sombe ya majani ya muhogo, akaketi kututazama tu. Bisimwa alikula kama anayefukuzwa, akaomba nyama tena. Mimi nilikula kwa adabu, nikabakiza kidogo.

“Unakula sawa na mugonjwa,” akaniambia. “Mawazo yako iko wapi?”

“Iko hapa, maman.”

“Siku mwamba itatoa, kesho yake utafanya nini?”

Bisimwa akanitangulia: “Miye naanza shimo ya pili, maman! Kupumuzika ni ya wafu!”

Maman akacheka, akapiga paja. Zamu yangu nikasema ukweli: “Nitapanda pikipiki, niende kuona bibi na watoto Bukavu.”

Akanisogezea maji ya kunawa. “Papa Neema, uko mutu muzuri. Lakini mwamba haikimbiake. Mutu ndiye anakimbiaka. Ule anawaza kwao, siku dhahabu inatoka, naye anatoka.”

“Bisimwa ni mwongo, maman,” nikamnong’oneza.

“Najua. Mwongo atabakia hapa kunidanganya, nitamuona kila siku.”

Akampa Bisimwa shimo. Nimejaribu kumchukia Maman, nimeshindwa. Alinisoma sawasawa: ningekimbia. Ningewasahau ninyi jioni ile moja tu, leo ningekuwa mkubwa.

Sasa Bisimwa anasimama juu na kunipigia kelele: “Bukavu! Ongeza nguvu, bibi anakungoja!” Watu wanacheka, nami nacheka nao. Maji yamepanda shimoni, mwamba bado mweupe, hauna dhahabu. Na sheria ya hapa unaijua: anayeondoka kabla mwamba haujatoa hana fungu, hata awe amechimba tangu mwanzo.

Mwambie mama yangu asimeze dawa bila kula. Nisalimie kaka yako mwashi, amshukuru Mungu kwa kazi ya juu ya ardhi. Salamu pia kwa jirani anayetuuzia makaa, na kwa watoto, kila mmoja kwa jina lake.

Nilikuahidi kuja Noeli. Usiwaambie watoto tena. Nitakuja siku mwamba utakapotoa, au siku Bisimwa atakapochoka na shimo hili tukaliacha wote, na Bisimwa hachoki, mke wangu.

Mume wako,
Cirhuza