Kapteni Obita Ana Kwao

Burumba, Busia
9 Julai 1979

Mwanangu Edris,

Asalaam aleikum. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo tangu zamani halinisikilizi. Wewe je, kifua kimepona na baridi ya huko? Nusura wa duka la vitambaa anakusalimu, ingawa kwa sasa anakusalimu kwa hasira, na sababu yake ndiyo ninayokuandikia.

Gazeti lenu lilifika Jumamosi. Kama kawaida nilikata makala yako nikaibandika kwenye mlango wa ukumbi pamoja na nyingine zote, ili wanaoingia kuona picha wajue kwamba anayeandika habari za sinema Nairobi alikulia kwenye mabenchi haya. Nilibandika kwanza, nikasoma baadaye.

Edris, umeiponda Kapteni Obita!

Umesema hadithi haina kichwa wala miguu. Umesema shujaa anaporuka angani, waya uliomshika unaonekana. Hayo watu waliyavumilia. Lakini mwishoni ukaandika: "Shujaa huyu hana kwao. Anaruka juu ya dunia nzima na hakuna mlango hata mmoja anaoupigia hodi."

Aliyeisoma kwa sauti ni Ekisa, yule fundi baiskeli wa Malaba anayejaza watu kwenye pikapu kila Jumamosi kuwaleta huku. Alipofika hapo alinyamaza, akarudia mstari.

"Hana kwao? Nani hana kwao? Obita?"

"Ndivyo imeandikwa," Nusura akamwambia.

"Obita ni jina la kwetu. Nenda Malaba sasa hivi uulize kwa Obita, utaonyeshwa nyumba tatu."

"Malaba gani, boss?" kijana mmoja wa Busia akadakia. "Huyu ni mtu wa huku. Sulaiti si alisema mama yake anauza omena sokoni Bumala?"

"Mama anaweza kuolewa Bumala. Mtoto ni wa baba."

"Basi tuonyeshe baba!"

"Ngojeni sehemu ya pili," akasema Sulaiti, mtafsiri wetu wa picha.

Watu wakacheka, Ekisa hakucheka. Akanigeukia. "Mama Hadijah, magazeti yote ya Nairobi yametukana hii picha. Sawa, hao hawatujui. Lakini huyu amekula ugali wa hapa. Asikanyage huu ukumbi siku ya Idi mpaka aondoe hilo neno."

Wakapiga makofi. Nusura pia alipiga.

Nikawaambia hivi: Edris asipoingia Idi, ukumbi haufunguliwi Idi. Unajua maana yake. Tangu vita viishe upande wa pili, Uganda, kila nyumba hapa inangoja ndugu zake waje kula Idi, na kila nyumba imewaahidi Obita. Lakini nimeshasema mbele ya watu, na wewe unanijua.

Niandikie.

Shangazi yako,
Hadijah


Nairobi
16 Julai 1979

Shangazi,

Waleikum salaam. Kifua kimepona. Lile goti lipeleke hospitali, usilipeleke kwa yule mtu wa mafuta ya simba. Nisalimie Nusura kwa upole, akikubali.

Picha hiyo nimeiona mara mbili kabla ya kuandika. Mara ya pili nilikwenda kuhakikisha kwamba mara ya kwanza sikuwa na usingizi. Waya unaonekana. Adui anakufa katikati ya hadithi, halafu anatokea tena bila maelezo. Watu wanaolipa kiingilio wana haki ya kuambiwa.

Halafu jina. Si Obita. Ni Orbit, neno la Kiingereza la njia ambayo mwezi unapita ukiizunguka dunia. Hana mama Bumala. Katika picha nzima hana mama mahali popote, na ndiyo maana niliandika nilichoandika.

Mstari ule siwezi kuuondoa. Nikifuta neno la kweli kwa sababu watu wamekasirika, hata nitakapoisifu picha nyingine hawatakuwa na sababu ya kuniamini. Wewe ndiye uliyenifundisha kusimama mlangoni na kuwaambia watu kwamba picha ya wiki hii ni mbovu, waje wiki ijayo.

Kwa hiyo Idi nitaifanyia Nairobi. Fungua ukumbi, tafadhali. Ndugu zao wamepita mengi kufika huko. Usiwafungie mlango kwa ajili yangu.

Mwanao,
Edris


Burumba, Busia
24 Julai 1979

Mwanangu Edris,

Asalaam aleikum, na Ramadhani njema, maana mwezi unaandama wakati wowote sasa. Goti halijaenda popote, na mimi nimekaa nalo.

Nani alikuambia uondoe neno? Hao ni wao. Soma barua yangu vizuri, mwandishi. Makala yako iko pale pale mlangoni. Wameichana, nikabandika nakala nyingine. Wameichana tena, ya sasa nimeipigia misumari.

Jina nalijua. Limeandikwa kwenye makopo ya filamu, nami ndiye ninayeyafungua. Siku ya kwanza, ile sauti ya Kiingereza ilipopiga kelele kutaja jina lake, Sulaiti alikuwa pembeni ya pazia la kuonyeshea picha na kipaza sauti chake, akitafsiri kama anavyotafsiri kila picha. Akasikia alivyosikia, akasema: "Kapteni Obita!" Kisha mtu mmoja nyuma akasimama akasema, "Huyo si ni wetu?"

Baada ya hapo, nani angemrudisha angani?

Kuna mahali anaongea kwa redio na wakubwa wake. Wewe umepaona. Huku Sulaiti anasema: "Mama, leo nitachelewa, niwekee chakula." Amoding, anayeuza chai kwenye mlango wetu, yule aliyevuka kutoka Tororo na watoto wakati wa vita, kila picha ikifika hapo anaweka birika chini, anaingia, anasikiliza, anatoka. Wateja wanangoja. Hakuna anayemuuliza.

Umeandika ukweli wa picha uliyoiona. Hii ya huku hujaiona. Tangu lini mwandishi wa gazeti lenu anaandika habari za mahali ambapo hajafika?

Ukumbi tunaufunga mwezi mzima kama kawaida yetu. Utafunguliwa Idi, ukiwa umekaa ndani yake. Ukibaki Nairobi, hautafunguliwa. Ninajivunia kila ulichobandikiwa kwenye mlango ule, na hiki pia, na sitakaa kwenye kiti changu kuwachania tiketi watu wanaosema mwenye benchi lake asiingie.

Shangazi yako,
Hadijah


Nairobi
14 Agosti 1979

Shangazi,

Asalaam aleikum. Natumaini saumu inakwenda vizuri na goti halijapata sababu ya kufungua mchana.

Nimepewa ruhusa. Nitafika kabla ya Idi. Nitakaa kwenye benchi langu la zamani, lile lenye mguu mfupi.

Sitaondoa neno. Maana ya lile jina sitaitangaza. Lakini mtu akisimama akaniuliza swali, sitamdanganya. Mwambie Sulaiti ajiandae, na wewe pia.

Mwanao,
Edris


Burumba, Busia
29 Agosti 1979

Mwanangu Edris,

Asalaam aleikum. Natumaini ulifika salama na yale mandazi hayakumwaga mafuta kwenye suruali. Sisi wazima.

Uliondoka na basi kabla sijapata nafasi ya kukaa nawe. Unakumbuka jinsi mlango ulivyokuwa. Watu wa Malaba walikuja pikapu tatu, wa ng'ambo ya mpaka sikuweza kuwahesabu, na mimi nilikuwa nje nikiwazuia kwa mwili wangu. Picha yenyewe sikuiona hata kidogo. Nilisikia ukumbi umenyamaza, nikajua Ekisa amesimama. Halafu zikaja kelele ambazo bado sijazielewa.

Nusura ananiambia ulikubali kwamba Obita ni wa Busia. Ekisa anaapa ulikubali ni wa Malaba. Sulaiti anasema hukukubali lolote, na kwamba hajawahi kuona mtu akikataa vizuri namna hiyo.

Sasa niandikie kama unavyoandika gazetini. Nani alisema nini.

Shangazi yako,
Hadijah


Nairobi
5 Septemba 1979

Shangazi,

Waleikum salaam. Nimefika salama. Suruali haikupona, mandazi yalikuwa mazuri.

Ilikuwa hivi.

Watu walinipisha nikafika kwenye benchi langu. Hakuna aliyenisalimu, hakuna aliyenizuia. Picha ikaanza. Ni ile ile. Waya ni ule ule. Penye lile daraja, ambapo anainua treni, Sulaiti alisema ni lori lililokwama forodhani kwa kukosa muhuri mmoja, na Obita amechoka kungoja, kwa hiyo analivusha juu ya geti. Mzee mmoja mbele yangu, nadhani ni dereva, alisimama juu ya benchi akapiga saluti. Adui alipofufuka bila maelezo, Sulaiti akasema, "Huyu ni pacha wake, alikuwa amejificha Kisumu." Nilitafuta kasoro kwenye maelezo hayo. Sikuipata.

Ilipofika sehemu ya redio niliacha kuangalia pazia, nikaangalia mlango. Amoding aliingia. Alisimama na kitambaa cha birika mkononi. Sulaiti akasema, "Mama, leo nitachelewa, niwekee chakula." Nyuma, sauti nyingi zikajibu pamoja: "Njoo tu, kiko!" Wanajibu kila mara, kumbe. Hukuniandikia hilo. Amoding akatoka.

Ekisa alisimama wakati kopo la filamu linabadilishwa, taa zikiwa zimewashwa.

"Kijana wa Nairobi," akasema. "Wewe umesoma, na umeona. Sema mbele ya watu. Huyu mtu ana kwao au hana?"

"Mzee Ekisa," nikamwambia, "ile niliyoiona Nairobi hakupiga hodi popote. Niliandika hivyo na siondoi. Hii ya leo amepiga hodi, na amejibiwa. Nimesikia mwenyewe."

"Kwa hiyo anako?"

"Anako."

"Wapi?"

Hapo ndipo uliposikia wamenyamaza. Nusura alikuwa ameshika kichwa.

Nikasema: "Nimeuliza. Benchi hili linasema Malaba. Benchi lile linasema Busia. Yule mama aliyetoka na birika, nilipomuuliza asubuhi, aliniambia Tororo, na akanishangaa kwa kuuliza. Sisi hatuandiki habari mpaka mashahidi wakubaliane. Nyinyi mkikubaliana, niiteni."

Kelele ulizosikia ni wao wakianza kukubaliana. Ekisa alipanda juu ya benchi. Mtu wa Bumala alimwita mwizi wa watoto. Mgeni mmoja wa ng'ambo alisema, "Ssebo, bwana wangu, huyo tulimzaa sisi, nyinyi mlimlisha tu." Katikati ya hayo kijana mmoja akaniuliza kwa sauti, "Na picha, bro? Ni nzuri au mbaya?"

"Mbaya," nikasema. "Waya unaonekana."

Sulaiti akashika kipaza sauti. "Huo si waya! Hiyo ni kamba ya nguo ya mama yake, alipita nayo akiruka!"

Wakacheka mpaka benchi langu likalala upande. Ekisa mwenyewe ndiye aliyeninyanyua. Alinipangusa vumbi mabegani, akarudi kubishana.

Niliporudi ofisini nilimwambia mhariri tunadaiwa masahihisho. Akasema masahihisho ni ya makosa, je, nimekosea? Nikamwambia hapana, habari ilikuwa haijakamilika. Akataka kuandika Orbit. Nikamwambia huko linaandikwa Obita, na nimefika. Kipande chenyewe ni hiki:

"MASAHIHISHO. Katika makala yetu ya tarehe 6 Julai tuliandika kwamba shujaa wa picha ya Kapteni Obita hana kwao. Wasomaji wetu wa Busia na Malaba wanatufahamisha kwamba anako. Mahali penyewe bado panajadiliwa."

Lichunge goti.

Mwanao,
Edris


Burumba, Busia
12 Septemba 1979

Mwanangu Edris,

Asalaam aleikum. Goti limekwenda hospitali, ridhika. Wamesema ni la mtu anayesimama sana mlangoni. Hilo nililijua bila daktari.

Kipande nimekibandika karibu na ile makala, zote mbili ziko wazi, hakuna iliyoifunika nyingine. Misumari nimeiacha, ingawa haihitajiki tena. Watu wanasoma ya kwanza, wanaguna, wanasoma ya pili, wanaingia. Mimi nakaa kwenye kiti changu nikiangalia upande mwingine. Wageni wakiuliza aliyeandika ni nani, sijibu, kwa sababu Nusura ameshajibu. Ananipa hata nafasi? Hanipi.

Ekisa alikuja Jumamosi na pikapu yake. Aliwapanga watu wa Malaba mbele ya mlango akawasomea kwa sauti, polepole, jina la gazeti, tarehe, yote. Alipomaliza akanyamaza kama siku ile. Nikajiandaa.

"Mama Hadijah," akasema, "mwambie kijana wetu ameandika vizuri sana. Lakini muulize, kwa nini Busia imetangulia Malaba? Hiyo inataka masahihisho."

Shangazi yako,
Hadijah