Bastola ya Bibi Ardith

Korongo la Sawbriar, Kentucky
3 Machi

Mpwa wangu Marlena,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Columbus, wewe na kazi yako ya kuwageuza wazee vitandani. Mimi mzima, ukiacha goti. Daktari kaniambia goti kama hili hajaliona ila kwa farasi wa mashindano, na farasi mwenyewe alishinda. Bibi yako anakusalimu. Nyonga aliyowekewa inatembea vizuri, vidole ndivyo vinazidi kukunjika kwa baridi yabisi. Anasema unakula nini huko, maana picha uliyotuma ina shingo tu.

Nakuandikia kwa sababu simu huku korongoni haishiki mpaka upande mlimani, na mambo haya si ya kupigia kelele mlimani. Mtu kaingia tena nyumbani kwa Bibi. Mara ya kwanza ilikuwa Jumapili yuko kanisani, tukarudi tukakuta vidonge vyake vya maumivu havipo. Safari hii Bibi mwenyewe alikuwa mle mle ndani. Alisinzia kwenye kiti baada ya kula, akafumbua macho akaona mgongo wa mtu unatokea mlango wa jikoni. Vidonge hakuna tena. Tulimwita askari wa kaunti, akafika kahawa tumeipasha moto mara ya pili, akatazama kitasa, akasema watu wa vidonge, wale wanaolewa navyo, wamezidi, akaondoka na kipande cha keki.

Nikamwambia Mama, hamia kwangu. Akasema, "Kwako kunanuka mbwa, Verlin. Niletee bastola."

"Ipo bunduki ya Baba, Mama."

"Ile ndefu siwezi kuinyanyua. Nataka kitu cha kukaa mfukoni mwa aproni."

Sasa hapo alikuwa amemfikia mwenyewe. Wewe unajua, hakuna mtu kutoka hapa mpaka Tennessee anayejua bastola kunishinda. Mimi ndiye nilimpiga kunguru juu ya msalaba wa kanisa, nikamtoa manyoya bila kumgusa nyama, akaruka uchi mpaka kaunti ya pili na mchungaji akabadilisha mahubiri. Nikambeba Bibi yako kwenye gari langu mpaka dukani kwa Hobart, pale panapouzwa chambo cha samaki na silaha.

Hobart ana ugonjwa mmoja. Kila bibi kizee akiingia, anamtolea kabastola kepesi kenye mpini wa pinki. Nikamwambia, Hobart, silaha ikiwa nyepesi inarudisha teke lote kwa mwenyewe. Akacheka. Tukakapeleka nyuma ya duka, Bibi akapiga risasi moja, mkono ukarudi nyuma ukamwangusha kofia. Akamwambia, "Hobart, hii mpe mke wako, anayestahili adhabu ni yeye." Tukajaribu yangu mimi, ile kubwa. Hiyo tusiizungumze, miwani inatengenezwa.

Halafu nikaiona yenyewe, kabatini chini, ya kizamani, nzito, ya risasi sita, ile yenye pipa la kuzunguka. Kidole kimoja hakikutosha kuvuta kifyatulio chake, lakini akiirudisha nyundo kwa vidole gumba viwili, basi kifyatulio kinakuwa laini kama siagi. Akapiga kopo la maharage. Akapiga la pili. Akaniangalia na lile jicho lake la jogoo. Kwa mfuko wa aproni haifai, itakaa kwenye droo karibu na kiti. Wiki ijayo naenda kuilipia.

Andika upesi.
Mjomba wako,
Verlin

Columbus, Ohio
9 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mimi sijambo, nashukuru, ila usingizi umenikimbia tangu nipate barua yako. Nimecheka kwa ajili ya kofia, kisha nikaisoma tena nikaacha kucheka. Goti lako ulipake ile dawa niliyotuma, usimpake mbwa.

Mjomba, usiilipie hiyo bastola.

Vidonge vya Bibi vinakaa wapi? Ndani ya bati la unga, chini ya unga, kwenye mfuko wa plastiki. Ndipo alipokuwa akificha peremende tulipokuwa wadogo, baada ya Mama kufa na yeye kutuchukua. Mtu gani wa barabarani ataingia jikoni kwa watu, apite televisheni, apite mkoba, aende moja kwa moja kwenye unga? Wanaojua bati hilo ni wewe, mimi na Keaton.

Ni Keaton, Mjomba. Ni mdogo wangu.

Na kuna jambo jingine. Alinipigia simu mwezi uliopita. Sauti ilikuwa nzuri, kama ya zamani. Akaniuliza habari za Bibi, kama nyonga inamuuma, kama bado analala kidogo baada ya chakula cha mchana. Nikafurahi kwamba anamkumbuka. Nikamjibu kila kitu.

Sasa unataka kumpa Bibi silaha anayoiweza, akae nayo kwenye kiti kile kile, anisubirie mdogo wangu. Bibi hapigi kopo la pili kwa bahati. Unajua hivyo. Mwambie duka limefungwa, mwambie Hobart amekufa, sema lolote, wewe hujawahi kukosa la kusema.

Mpwa wako,
Marlena

Korongo la Sawbriar
16 Machi

Mpwa wangu,

Natumaini u mzima. Sisi tu wazima. Goti linapona, nimelipaka mimi.

Niliisoma barua yako ndani ya gari na injini inanguruma, nikasahau nilikuwa nakwenda wapi. Nadhani nilijua. Mtu akiwa na mpwa mmoja wa kiume ambaye alimfundisha kuvua samaki, hapendi kujua.

Lakini wewe umekaa mjini muda mrefu, umesahau watu wako. Nimwambie Bibi hapana? Huku mwanamke akitaka bastola anaipata kabla supu haijapoa. Nikimkatalia mimi, atampigia Hobart. Hobart akikataa, mchungaji mwenyewe atamuuzia moja ya zake baada ya ibada, na ampe na baraka. Nimwambie ni Keaton? Marlena, yule ndiye aliyembakia. Binti yake alizikwa, wewe ukaondoka, picha iliyo juu ya televisheni ni ya Keaton na samaki wake. Nikimwambia hivyo atakufa kwenye kiti bila mtu kumpiga.

Basi nikatumia kichwa. Watu wanasema Verlin Stidham aliacha shule darasa la saba. Kweli, lakini shule ndiyo iliyobaki nyuma. Ile ya risasi sita niliiacha kabatini. Nikamnunulia kubwa ya kijeshi, ya magazini, ile inayopangwa risasi ndani ya mpini, nzuri, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha harusi. Ile ukitaka kupiga lazima kwanza uikoki, uvute chuma cha juu mpaka nyuma kwa nguvu. Springi yake ni ngumu kama ya trekta. Hobart mwenyewe alikunja uso alipoivuta. Magazini imejaa, lakini chemba, pale risasi inapokaa tayari kutoka, haina kitu. Kwa vile vidole vyake, Bibi anaweza kuivuta mpaka siku ya kiyama isisogee hata unene wa kucha.

Nikamwambia, "Mama, hii ndiyo waliyobeba majenerali."

Akaipima mkononi. "Nzito."

"Uzito ndio heshima yake."

"Mbona ile nyingine niliipiga vizuri?"

"Ile ilishanunuliwa."

Ameiweka kwenye droo, na Jumatano kanisani kamwambia kila mtu. Umeona? Yeye analala akijua ana silaha, na Keaton anaendelea kuishi. Sijui mtu mwingine katika jimbo hili ambaye angefikiria hivyo.

Mjomba wako,
Verlin

Columbus
22 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini Bibi mzima. Mwambie nakula.

Sikulala tena. Nilishukuru, kisha nikaogopa upya. Akija mtu asiye Keaton je? Umempa chuma cha kudanganyia, na yeye atakishika mbele ya mtu akidhani kinamlinda. Na Keaton anaongea na watu, Mjomba, watu wa vidonge wote wanaongea. Na kama Bibi amelitangaza kanisani, basi kaunti nzima inajua kuna bastola droo ile.

Lakini sikiliza, kuna mlango mmoja umefunguka. Nimepata kitanda. Kuna nyumba ya kuwatibu watu wa vidonge, iko karibu na kazini kwangu, wanawaweka ndani miezi. Mwanamke wa pale nilimlilia mpaka akaona haya, kaniambia watamshikilia Keaton nafasi hadi mwanzo wa mwezi. Aje mwenyewe kwa miguu yake, ndilo sharti. Mtafute. Usimpige, usimhubirie, usimsimulie habari za kunguru. Mweke ndani ya gari umlete. Nimenunua shuka.

Na iondoe ile bastola pale.

Mpwa wako,
Marlena

Columbus
30 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nimempigia Hobart dukani, amesema yuko na wateja, akakata. Hobart hana wateja kamwe. Umempata Keaton? Bibi yuko salama? Niandikie hata mstari mmoja. Kitanda bado kipo.

Marlena

Korongo la Sawbriar
2 Aprili

Marlena, mwanangu,

Bibi yu mzima. Hilo nalitanguliza. Hakuna aliyepigwa risasi. Mimi mzima.

Nilichelewa kwa sababu nilikuwa namtafuta. Nilikwenda kwenye matrela wanamoishi watu kule machimboni, nikaenda chini ya daraja, nikaingia nyumba ambazo mbwa wangu alikataa kushuka. Sikumpata. Kisha nikapanda kwa Bibi na sufuria la maharage, nimwambie ile bastola ina hitilafu, naichukua kuitengeneza. Nikafungua droo. Nikaishika. Marlena, ilikuwa imekokiwa. Risasi iko juu, ndani ya chemba.

Nikamuuliza, "Mama, nani kakukokia hii?"

Akasema, "Keaton."

Mimi nilipiga hesabu ya mikono yake tu. Sikukumbuka kwamba huku mtu asipoweza kufungua mtungi wa achari, anamwita anayepita.

Alikuja Jumanne, mchana, kwa mlango wa mbele, kaoga, nywele kachana. Alileta samaki. Bibi akamkaangia na mkate wa mahindi, akala kama zamani, akaosha vyombo. Halafu Bibi akatoa bastola akaiweka juu ya meza. Haya nakuandikia kama alivyonisimulia, siongezi kitu.

"Hebu nikokie hii, mwanangu. Mjomba wako kaniletea chuma kigumu kama kichwa chake."

"Ya nini, Bibi?"

"Kuna mtu ananiibia."

"Utampiga kweli?"

"Sasa nitaishi na nyonga hii bila dawa mpaka lini? Nitampiga."

Akasema Keaton alikaa akiitazama, maji ya vyombo yanamdondoka vidoleni. Kisha akajifuta kwa suruali, akaishika, akakivuta kile chuma cha juu mara moja, kikalia. Akamwonyesha kitufe cha usalama, jinsi ya kukishusha kwa kidole gumba. Akamwekea mikononi, akasimama nyuma yake akamshika viwiko. Akamwambia, "Usilenge kichwa, Bibi, utakosa. Lenga hapa," akajigusa kifuani. Akambusu. Akaondoka kwa mlango wa jikoni.

Nikamwambia, "Mama, hukujua ni yeye?"

Akaniangalia kama anavyomwangalia muuza bima. "Verlin, mgongo ule nimeusugua kwenye beseni miaka mingapi? Nilijua alipokuwa bado hajafika mlangoni. Na wewe nilijua umenipa chuma kisichofanya kazi, nikajua kwa nini. Nilikaa siku zote hizo nasubiri mmoja wenu aniambie."

"Sasa kwa nini ukampa aikoki?"

Mikono akaificha chini ya aproni.

"Nilitaka akatae," akasema. "Nilitaka aseme, Bibi, siwezi. Basi. Ningemshika hapo hapo. Nilikuwa nimeshajiweka tayari kumshika. Akaikoki vizuri, Verlin. Akanielekeza pa kupiga."

Tangu siku hiyo hajaonekana. Gari lake liko nyuma ya kituo cha mafuta, kule barabara kuu karibu na mto, funguo zimo ndani, koti limo. Askari wa kaunti anasema pengine kapata lifti. Tumetembea kingo za mto mimi na wanaume wa kanisani, mpaka chini kwenye bwawa la zamani, na hatukupata kitu, nami nimeshukuru kutopata kitu, na kesho tunarudi. Unajua mimi huwa na la kusema. Wale wanaume wananingoja niwasimulie habari za kunguru, nami natazama maji.

Bibi kaandikiwa vidonge vipya na daktari, navyo kavitoa kwenye unga. Vipo mezani, kwenye sahani, juu yake kaweka kitambaa kama anavyofunika keki. Analala kwenye kiti kile kile baada ya kula, ila halali.

Nilitaka kuitoa risasi. Ni kazi ya kufumba na kufumbua. Akaniwekea mkono juu ya droo, ule mkono uliokunjika, na sikuweza kuusogeza. Akasema, "Iache. Aliyeipandisha ataishusha."

Kwa hiyo waombe wale watu wakushikilie kitanda. Waambie yuko njiani. Ukiweza njoo, mimi peke yangu sitoshi. Mlango wa jikoni hatufungi tena. Lakini unapopanda ita jina lako tangu darajani, uite kwa nguvu, maana risasi bado imo, na kila mlango ukilia Bibi anainua kichwa kabla hajajua ni nani.

Mjomba wako,
Verlin