Njia ya Mbuzi wa Yeyo

Mwaitu, mama yangu,

Huku Kitengela mvua imekataa, na mikono yangu imepasuka kwa kushika mtaimbo. Nakuandikia ingawa ni miaka mingi tangu tukuzike kando ya shamba lako la ndengu, kwa sababu nina jambo ambalo sina mwingine wa kumwuliza. Pasta atanisomea mistari tu.

Unaikumbuka ile njia iliyokata shamba letu kule Kitui? Watu wa ng'ambo ya shamba waliipita wakienda kuchota maji mtoni, na kila msimu walikanyaga ndengu zako. Baba alikata miiba akaiziba. "Hesabu midomo ya hapa nyumbani kwanza," alisema. Wewe ukaivuta ile miiba ukapikia muthokoi wetu wa mahindi. Ukamwambia, "Na kila mtu akiziba kwake, watu wapitie wapi, hewani?" Baba akacheka. "Basi wafundishe kuruka." Nilidhani umemshinda. Lakini mwaka ule tulikula ndengu kidogo, na hilo pia nalikumbuka.

Sasa sikia. Kazi yangu ni kuzungushia watu ploti zao seng'enge. Mwezi huu tuko nje kidogo ya mji, mimi na Mutua, mwenzangu wa kutoka nyumbani. Jirani na ploti anakaa mama mzee Mmaasai. Namwita Yeyo, kama wao wanavyomwita mama. Alikuwa akipitisha mbuzi wake hapo kila asubuhi kwenda bwawani, na akirudi anatuletea chai ya maziwa. "Mnakunywa maji matupu kama punda," alitucheka siku ya kwanza.

Ploti zote za upande ule zilikuwa zimefungwa. Ilibaki hii. Tukiifunga, Yeyo atazungukia barabara ya lami, penye malori ya mchanga.

Nilimpigia simu mwenye ploti, nikamwomba aache kijia pembeni. Si mtu mbaya. Amejinyima sana kupata kile kipande, na ameshaibiwa mabati hapo. "Fundi," akasema, "wewe ungeacha kwako wazi?" Ana haki yake, na jirani yake ana yake, na yule wa mbele pia. Ukiweka haki zao zote pamoja, Yeyo hana pa kupita. Hapo ndipo kichwa changu cha darasa la sita kinakwama.

Mutua akaniambia, "Usipofunga wewe, atafunga mwingine. Hao mbuzi watakusomeshea mtoto?"

Nikahesabu midomo, kama Baba. Nikapiga misumari.

Asubuhi iliyofuata Yeyo alikuja akasimama ng'ambo ya seng'enge na mbuzi wake. Akapitisha kikombe cha chai katikati ya nyaya nilizozivuta mwenyewe. Sikuweza kumtazama usoni.

"Kunywa, mwanangu. Si wewe uliyeinunua ploti."

"Umeona?" Mutua akaninong'oneza. "Hana shida."

Yeyo akawageuza mbuzi, akaelekea lami. Nikatupa mtaimbo nikamfuata. Nilisimama katikati ya barabara nimeinua mikono, malori yakinipigia honi, dereva mmoja akinitukania wazazi, nisamehe, mpaka mbuzi wa mwisho akavuka. Tangu siku hiyo nafanya hivyo kila asubuhi. Mutua ananiita afande wa mbuzi. Msimamizi wetu wa kazi amenionya kwamba kazi yangu ni nguzo, na mimi najua anasema kweli.

Kazi hapa imeisha, Mwaitu. Jumatatu tunahamia Kajiado mjini, kuna ploti nyingine. Nisipokwenda, mtoto atarudishwa nyumbani kutoka shule. Jana, mbuzi walipokwisha kuvuka, Yeyo aliniuliza, "Jumatatu nani atasimama?"

Nilimjibu nitatafuta mtu. Nimewauliza muuza mkaa na kijana wa bodaboda. Wote ni watu wazuri, na wote wana kazi saa ile.

Wewe ulivuta miiba ikatoka. Mimi seng'enge siwezi kuivuta, nimeifunga vizuri mno. Ukikutana na Baba huko uliko, mwambie midomo niliihesabu na yote inakula. Kisha umwulize, kwa niaba yangu, nani atasimama Jumatatu.

Pumzika, Mwaitu.

Ni mimi, kitinda mimba wako.