Usukani wa Kushoto

Mpendwa mshauri, Mama Immaculée,

Naomba kwanza unisamehe kwa ukimya wa miaka miwili, maana tangu ulipochapa jibu lako gazetini ukinishauri niache kuwasahihisha wanakwaya matamshi yao na badala yake nitafute kazi ya mikono, sikukuandikia hata neno la asante, na mtu aliyefundisha uandishi wa barua kwa miaka thelathini na moja hana udhuru katika jambo hilo. Sasa naomba msaada tena, na safari hii aibu ni kubwa zaidi. Tafadhali usinitaje jina.

Kazi ya mikono niliipata, au tuseme ilinijia. Jirani yangu hapa Umbilo anaitwa Mahmood, mzaliwa wa Durban ambaye babu zake walitoka pwani ya Afrika Mashariki, fundi wa magari aliyestaafu katika karakana moja ya Mobeni, na siku ya kustaafu tajiri wake alimpa zawadi gari lililokuwa limefunikwa magodoro nyuma ya ghala, Pontiac jekundu la mwaka 1968, la Kimarekani, lenye injini ya silinda nane na boneti ndefu kama meza ya harusi, ambalo injinia mmoja wa meli alilishusha bandarini zamani na hakurudi kulichukua. Kwa kuwa Mahmood anakaa ghorofani nami nina ua, gari likaja kwangu likivutwa kwa kamba, na yeye akashuka akicheka, akanishika bega: "Mwalimu! Angalia hapa! Usukani uko kushoto! Sasa huna sababu tena, utatuonyesha."

Hapo, Mama, ndipo moyo wangu ulipozimika, kwa sababu mimi sijui kuendesha gari. Sijawahi kujua. Bukavu nilikuwa mkuu wa shule, na shule ilikuwa na dereva, nami nilikaa nyuma na madaftari yangu. Mwaka wangu wa kwanza hapa Durban kanisa lilitafuta mtu wa kuendesha basi dogo la kwaya, wakaniuliza, nami kwa kuona haya kukiri kwamba mkuu wa shule mzima hajawahi kushika usukani nikajibu kwamba kwetu Kongo usukani uko kushoto na barabarani tunashika kulia, na kwa umri wangu siwezi kujifunza kinyume, nao wakatikisa vichwa wakasema ni kweli, wengi wamegonga kuta kwa sababu hiyo. Sentensi ile moja imenitunza miaka kumi na tisa. Mke wangu Henriette, anayeuza vitenge soko la Warwick, ndiye anayeniendesha katika kigari chake, na hata mwaka ule alipoungua mkono kwa mafuta ya kukaangia aliendesha na bendeji, nami nimekaa kando nimepakata mkoba wake, nikimwambia, "Lingekuwa la kushoto, mama, ningekusaidia."

Nisikufiche, gari lenyewe nililipenda. Tulikwangua kutu kwa msasa, tukashona viti upya, tukafungua kabureta mara sita. Nilipata kitabu cha kiwandani nikakishika kama katekisimu, nikakataa kila kipande ambacho si cha asili, kwa heshima ya gari na pia kwa sababu kipande cha asili hutoka Marekani kwa miezi minne, na miezi minne ni amani. Henriette alilalamika. "Mwalimu, hii gari iko inakula nyumba. Jana natafuta sufuria ya fufu, nakuta iko na mafuta ya injini!" Nilimwambia kwamba kazi nzuri haina haraka. Ningeweza kufa hivyo, Mama, nikiwa mtu mwenye heshima na gari lisilowaka.

Kisha binti yetu Mireille akaposwa. Unajua kwetu siku ya mahari baba wa binti anakaa kimya, na msemaji wake ndiye anayejibizana na msemaji wa upande wa pili, ili neno likienda vibaya liweze kurudishwa bila mzee kuaibika. Nami nilikaa kimya vizuri, mpaka msemaji wao, bwana mmoja anaitwa Salvator, mwenye viatu vya ncha, aliposimama na kusema, "Bibi harusi tutamtumia limuzini nyeupe, wakwe zetu, juu hatupendi aingie kanisani na mavumbi ya taxi," na watu wake wakacheka. Sijui nini kilinisimamisha. Nilisema kwa sauti ya darasani kwamba binti yangu atafika kanisani katika Pontiac, na atakayeshika usukani ni mimi baba yake. Vigelegele vilipigwa hadi nje. Mireille alinikumbatia akilia, akasema, "Papa, kumbe ndiyo maana ulikuwa unaitengeneza miaka yote hii!"

Sasa nifike mahali penye dhambi. Tangu siku ile, kila Mahmood anapokwenda kuswali alasiri, mimi hufungua boneti na kubadilisha nafasi za nyaya mbili za plagi, waya wa silinda hii nauweka kwenye ile, kisha nafunga na kukaa na kitabu changu. Akirudi anawasha, injini inakohoa na kupiga mlio kama baruti, naye anaanza upya kutafuta kosa. Giza likiingia anazipanga nyaya, akidhani ni yeye aliyekosea, na kesho yake kabla hajawasha mimi nabadilisha nyingine. Wiki saba, Mama. Sikufikiria kwamba ningemwumiza. Lakini majuzi alikaa juu ya tairi, akaitazama mikono yake, akasema, "Eish, Mwalimu, mikono imekwisha. Miaka arobaini na mbili sijashindwa na injini. Jana spana zangu nimempa Yaaseen, auze au atumie, shauri yake." Yaaseen ni mwanawe mkubwa, dereva wa lori, hana haja ya spana.

Kwa huruma siku iliyofuata sikugusa kitu, na gari likawaka. Liliwaka, Mama! Madirisha ya mtaa mzima yalitetemeka, Henriette akatoka akipiga vigelegele na mwiko mkononi, na Mahmood, machozi yakimtoka, akaacha mlango wazi akaniambia, "Kaa, Mwalimu. Nenda tu mpaka kwenye robot, taa ikiwa kijani geuza, urudi." Nikakaa. Chini kulikuwa na pedali tatu, nami nina miguu miwili. Nikasema mgongo umenikamata, nikashuka nimeinama kama mgonjwa, na jioni ile, kwa hofu, nikamwambia Mahmood kwamba kwa usalama wa bibi harusi ni afadhali tuuhamishe usukani uende kulia kama magari ya hapa.

Aliweka mkono juu ya boneti. "Lakini Mwalimu, miaka miwili umenikataza hata bolti moja isiyo ya asili. Tukikata ukuta wa chuma kati ya injini na dereva, hili gari halirudi tena lilivyokuwa." Nikasisitiza. Akasema, "Labda wewe unaona vizuri kuliko mimi siku hizi," na Jumamosi hii anakwenda Mobeni kuchukua usukani wa kulia, akirudi akate.

Dilema yangu ndiyo hii. Akikata, kazi haitakwisha kabla ya harusi, ambayo imebaki wiki tano, nami nitasikitika mbele ya wakwe, na baada ya hapo gari litakuwa la kulia na sentensi yangu ya zamani itanitunza mpaka kaburini. Asipokata, itanibidi niseme ukweli mbele ya mke, binti, kanisa, na yule Salvator wa viatu vya ncha. Je, nimwache akate? Nijibu upesi, nami naahidi kwamba nikishaamua, vyovyote nitakavyoamua, nitakuandikia, wala safari hii sitakaa miaka miwili.

Ni mimi,
Baba wa Bibi Harusi, Umbilo

*

Mwalimu,

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa umenitajia mke, binti, jirani na mtaa, na sijui Umbilo ina Wakongo wangapi wenye Pontiac jekundu uani. Jibu hili nakutumia kwa simu leo Alhamisi, kabla gazeti halijatoka, kwa sababu Jumamosi haimngoji mhariri.

Niliposema kazi ya mikono, nilifikiria mchicha. Hilo ni kosa langu.

Pole kwa lile swali la mwaka wa kwanza. Mtu anafika mji ambao hakuna anayejua alikuwa nani kwao, na jambo la kwanza analoulizwa ndilo asilolijua. Mimi nilipofika niliandika kwenye fomu ya kazi kwamba nimezoea jiko la gesi, na kabla ya saa sita mchana sikuwa na nyusi. Nakuelewa kabisa. Huruma yangu inaishia hapo.

Usukani usiguswe. Gari limekaa zaidi ya nusu karne bila kukatwa, halafu likatwe ili mzee asichekwe na mtu wa viatu vya ncha? Na kuendesha mwenyewe siku hiyo usifikirie hata kidogo. Huna leseni, hujui pedali, na nyuma yako atakaa binti mwenye shela nyeupe anayekuamini.

Umeandika kurasa nne ukilia juu ya aibu yako, na mistari michache tu juu ya Mahmood. Mtu anakwenda kumwomba Mungu, nawe huku nyuma unamvurugia nyaya! Wiki saba! Umemfanya fundi mzima aitazame mikono yake na kuiona imekufa, hadi akagawa spana. Wewe, uliyefundisha watoto, ungemfanya nini mwanafunzi aliyefuta jibu sahihi la mwenzake kila siku, kisha akakaa kumtazama akishindwa?

Kuhusu Henriette, nikuulize. Mwanamke ameungua mkono, amefungwa bendeji, anashika usukani kwa maumivu kutoka Umbilo hadi Warwick, na hakukuambia hata mara moja, "Jaribu wewe, baba, polepole tu." Unadhani ni kwa sababu ya kushoto na kulia? Anajua, Mwalimu. Amejua siku nyingi na amekustahi. Utakapomwambia, usishangae akiendelea kukatakata vitunguu.

Mireille mwambie wewe mwenyewe, uso kwa uso, kabla hajasikia saluni. Siku ya harusi Mahmood ndiye ataendesha, akikubali, na uombe akubali. Wewe utakaa kiti cha nyuma, upande wa binti yako. Ukikaa mbele ukipambana na gia, nani atamshika mkono anapotetemeka? Nani atashuka kwanza amfungulie mlango? Kazi ya baba siku hiyo iko nyuma, na hiyo unaiweza bila leseni.

Kwa wakwe, usiende. Uliwaponza wote kwa kusimama na kusema ulipotakiwa kukaa. Sasa kaa. Mtume msemaji wako kwa Salvator akaseme kwamba mzee ameona vema ampe heshima ya usukani fundi aliyelifufua gari. Ni kweli, na inatosha. Mengine yakijulikana watacheka, watacheka vizuri sana, kisha chakula kitaletwa. Baada ya harusi jiandikishe shule ya udereva kama watu wengine, na mwalimu wa pale akikusahihisha, nyamaza.

Kesho ni Ijumaa. Mahmood akitoka msikitini mchana, akukute umesimama langoni kwake, bila kitabu na bila hotuba. Usianze na Bukavu wala usianze na basi la kwaya. Mwambie kwanza kwamba mikono yake haina kosa lolote. Kisha mchukue uani, ufungue boneti, umwonyeshe ulivyokuwa ukifanya, waya kwa waya. Atakasirika. Mwache akasirike mpaka amalize, nawe usiondoke.

Mama Immaculée