Dirisha la Kushoto

Gorizia, 12 Machi

Shikamoo Mjomba Silvan,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Villach, na kwamba kile kikohozi cha kambini kimekuachia. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu. Bibi Nona goti linamsumbua, lakini ulimi wake hausumbuliwi na kitu. Juzi kamgombeza padri kwa mahubiri marefu.

Nisamehe kwa kuandika badala ya kupiga simu. Unanijua, kwenye simu nakauka. Shuleni wananifundisha kwa Kislovenia, mjini watu wanazungumza Kiitaliano, na mimi nanyamaza vizuri kwa lugha zote mbili. Kwenye karatasi nina nafuu.

Kamera ya gari lako la mbio nimeshanunua. Muuzaji alianza kunionyesha zile zinazonata kwa mpira kwenye kioo cha mbele. Nikamwambia kanuni za uwanja wa mbio zinataka ifungwe kwa bolti kwenye bomba la chuma nyuma ya viti, tena na kamba juu yake, ili mkigongana isiruke kama jiwe. Akauliza, "Kwani binti, anayeendesha ni wewe?" Nikawa mwekundu hadi masikioni. Hata hivyo sikumwachia anichagulie. Hii haina skrini ya nyuma, kwa hiyo betri inadumu. Maikrofoni yake ina waya, nitaificha chini ya kiti upepo usiivuruge. Na lenzi yake ni pana. Kutoka kwenye lile bomba inaona helmeti yako, mikono yako, vioo, na madirisha yote mawili.

Mpwa wako,
Neža

Villach, 29 Machi

Marahaba mpwa wangu,

Mimi mzima, kikohozi kimehamia kwa mpishi. Bado tunavuta nyaya za viti vya kupandia mlimani, theluji iko magotini. Mwambie Nona asinililie.

Sasa wewe. Ile kadi ya video ya mazoezi uliyonitumia nimeitazama na wenzangu kwenye kompyuta ya msimamizi. Neža, nilikuwa kwenye kilomita mia na hamsini kwa saa, na naonekana kama mjane anayekwenda kununua viazi. Wamenicheka mpaka chakula kikapoa. "Silvan, hapo ulikuwa unatafuta maegesho?" Hiyo ni kazi ya lenzi yako. Inaisukuma njia mbali, halafu inanijazia pembeni miti, matairi, watu wanaokula mikate. Nilitaka kamera inayoona njia, wewe umeniletea inayoona parokia nzima.

Basi, kila ukinitayarishia video, kata kingo. Bakiza katikati tu. Ukiikaza hivyo, hata kobe anakimbia.

Usikasirike. Kuifunga umeifunga vizuri, haitikisiki hata kidogo.

Mjomba wako,
Silvan

Villach, 25 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu kwa Nona na kwa dada yangu. Afya yangu usiulize, shingo haigeuki tangu Jumapili.

Ulikuwepo, ulisikia ule mshindo. Gari la Walter lilizunguka likakwama katikati ya kona ya tatu, nikatokea mimi, nikaligonga ubavuni. Mguu wake umevunjika mahali pawili. Mtu niliyekula naye harusini kwake.

Na yule Milojka Furlan, aliyewekwa pale na bendera, alikuwa anafanya nini? Anabangua mbegu za maboga. Bendera ya njano haikupepea. Naapa kwa kaburi la baba, sikuiona. Mtu anapewa kitambaa kimoja na kazi moja: gari likikwama, pepea, ili wanaokuja nyuma wapunguze mwendo. Basi. Mtoto wa chekechea angeiweza. Wanampa kofia na mkate wa nyama ya mortadela, anajiona jenerali, halafu siku anayohitajika amelala. Damu inanichemka.

Kamati ya uwanja inataka video. Kadi unayo wewe. Anzia pale kona inapoanza, kata kingo kama kawaida, watumie. Hawana haja ya parokia nzima. Usiniangushe, Neža. Katika ukoo huu ninayemwamini ni wewe.

Mjomba wako

Gorizia, 30 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Pole kwa shingo. Nona anasema ujifunge kitambaa chenye mafuta ya nguruwe. Sisi wazima.

Nimefanya ulivyosema. Nimeituma.

Neža

Villach, 14 Mei

Mpwa wangu mpenzi,

Shingo imepona, moyo pia. Kamati imeamua: lawama si yangu. Video yako ilikuwa safi, hakuna bendera hata punje. Milojka wamemnyang'anya kibali cha kusimama uwanjani, na jina lake limebandikwa kwenye ubao wa klabu pamoja na sababu. Wengine wanasema ni kali mno, eti kasimama pale miaka kumi na tisa bila kulipwa. Mimi nasema, wamuulize Walter.

Nilikudharau kwa kamera ile, nakuomba radhi. Nikija nitakununulia aiskrimu kubwa kuliko kichwa chako.

Mjomba wako mwenye furaha,
Silvan

Gorizia, 20 Mei

Shikamoo Mjomba,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima.

Bendera ilikuwepo.

Niliiona tarehe ishirini na nane Aprili, nikiwa mezani nakata kingo. Inatokea pembeni kabisa mwa kioo cha mbele, halafu inapita dirishani kwako, upande wa kushoto. Bi Milojka amesimama juu ya tairi, anapepea kwa mikono miwili kama mtu anayekung'uta shuka. Sekunde tatu nzima. Kisha kona inaanza, na mimi nikaanzia pale ulipotaka nianzie. Mikono hii ndiyo iliyomtoa pichani. Nikajiambia Mjomba ameapa hakuona, mimi ni nani. Nikajiambia hujaniuliza. Uoga wangu una majibu mengi.

Unajua anafanya kazi wapi siku za wiki? Ndiye anayetupakulia chakula shuleni. Jumatatu ilikuwa jota, ile supu ya maharage na kabichi. Akasimama na upawa mkononi, akaniambia kwa sauti ndogo, "Neža, wewe ni mtu wa kuona mengi na kusema machache. Ulikuwa pale. Hivi mkono wangu ulichelewa? Silali nikiufikiria." Nikamjibu kwamba supu ni nzuri.

Supu ni nzuri, Mjomba. Mama wa watu anaanza kuamini kwamba kamvunja Walter mguu, na mimi namsifia supu.

Nina hasira na nafsi yangu, na wewe pia nina hasira nawe. Ulimwita mvivu kabla hujatazama. Ulimtukana kwa mbegu za maboga. Ulifurahi jina lake kubandikwa ubaoni, ukaniahidi aiskrimu, mimi mwenye miaka kumi na sita, kama mtoto aliyefunga mlango vizuri.

Ndani ya bahasha kuna kadi yenye video nzima. Nakuomba uipeleke mwenyewe kwenye kamati, useme hukuiona bendera na sasa umeiona. Kukosea si dhambi. Nitasubiri hadi tarehe mbili Juni.

Mpwa wako,
Neža

Villach, 27 Mei

Neža,

Salamu. Nimeipata kadi.

Wewe hujawahi kushika usukani, kwa hiyo nikueleze. Kwenye mwendo ule macho yako kwenye kona. Nani anatazama dirisha la kushoto? Naapa tena, sikuiona. Na kama sikuiona, kwangu haikuwepo.

Nikipeleka kadi hii wananifungia uwanja maisha. Mwaka mzima nalala kwenye kontena na wanaume sita wanaokoroma. Jumapili ile moja kwa mwezi ndiyo inayonikumbusha kwamba ni mtu. Milojka atapoteza nini? Kofia. Mguu wa Walter hauungwi kwa video.

Nilikubeba mgongoni baba yako alipoondoka. Nilikufundisha kuogelea mto Soča ukiwa unalia. Mambo ya nyumbani yanamalizwa nyumbani. Futa ulichonacho, na tusiandikiane tena habari hii. Tena ni nani aliyekata video, mimi au wewe? Fikiria hilo kabla hujajifanya hakimu.

Mjomba wako bado,
S.

Gorizia, 5 Juni

Shikamoo Mjomba,

Tu wazima. Goti la Nona limetulia kwa joto.

Nilifikiria, kama ulivyoniambia. Tena nilitaka kukuamini, kwa hiyo baada ya barua yako niliitazama nakala yangu ya video mara nyingine. Safari hii bendera niliiacha, nikakutazama wewe. Lenzi ni pana, helmeti yako imo.

Kona ya tatu inapinda kulia. Dereva pale anatazama kulia. Lakini helmeti yako iligeuka kushoto, ikaelekea pale kwenye tairi, ikatulia kiasi cha pumzi moja, kisha ikarudi mbele. Na maikrofoni iko chini ya kiti, Mjomba. Injini haikushuka sauti hata kidogo.

Uliiona. Uliiona ukaapa kwa kaburi la babu, kisha ukanipa mkasi mimi.

Hujawahi kunifanyia ubaya, ndiyo maana sikujua sura yake. Ulinibeba mgongoni, kweli. Sasa wewe ndiye uliyekaa mgongoni kwangu.

Jana nilikwenda kwenye kamati. Watu watatu, meza, chupa ya maji, na Bi Milojka kwenye kiti cha nyuma amevaa koti lake la kanisani. Nikawaonyesha picha nzima. Habari ya helmeti sikuitaja. Mzee wa katikati akaomba irudiwe, kisha irudiwe tena, kisha akavua miwani.

Akauliza nani aliyeikata ile ya kwanza. Nikasema ni mimi, na kwamba bendera niliiona nikaificha. Neno hilo nililisema kwa Kiitaliano kwa ajili yao. Kisha nikageuka nikalisema tena kwa Kislovenia, kwa ajili yake. Safari hii sikunyamaza kwa lugha hata moja. Hakunikumbatia. Alisema tu, "Kumbe haukuchelewa," akautazama mkono wake.

Jina lake limeondolewa ubaoni. Kuhusu lako watakuandikia barua, sijui lini. Kamera nimeifungua kwenye bomba, iko kabatini na bolti zake.

Nona anauliza kama Jumapili ya mwisho wa mwezi utakuja kula. Nimemwambia sahani yako ipo. Amemwalika na Bi Milojka, nami nimemwekea kiti upande wako wa kushoto.

Mpwa wako bado,
Neža