Nusu ya Kitabu Iliyobaki

Mjukuu wangu Idi, mume wangu,

Assalaam alaykum. Kifua kimepoa? Sisi huku Kondoa tunapumua, ila mvua imetukimbia.

Umeniuliza kama uache fizikia ukauze mahindi Kibaigwa, maana walimu na wanafunzi wenzako wamekimbilia biashara na semina yenu ya chuoni imebaki wewe na profesa mgonjwa. Nilipokuwa msichana, njaa ilitawanya darsa letu vivyo hivyo. Nikamwambia sheikh, "Funga kitabu, nimebaki peke yangu."

Akasema, "Basi leo hutagombania mkeka. Soma."

Nikawa nasoma, yeye akifafanua, mpaka akafariki tukiwa katikati ya kitabu. Nusu iliyobaki sijapata wa kunifafanulia hadi leo. Namwachia Mungu.

Soko la Kibaigwa halihami, mume wangu. Profesa wako sijui.

Nijibu upesi.

Bibi yako