Kulwa, Tofauti Yetu Sijaipata

Mpendwa kaka Kulwa,

Mwangaluka. Nikianza na shikamoo najua ungecheka mpaka ushike mbavu, maana ulinitangulia kuzaliwa kwa muda usiotosha hata kuchemsha maji. Nipo hapa Bariadi kwa mayu, mama yetu, tangu juzi. Mwanafunzi wangu aliniuliza swali darasani likanishinda, na wa kumwambia ni wewe tu.

Unakumbuka kazi yangu hii ya kusaka kasoro za kompyuta ilivyoanza? Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wamejaa mjini, kila mmoja na mzani wake, baada ya miaka mingi ya ushirika kununua peke yake. Mmoja wao akakuajiri kwenye ofisi yenye kompyuta, ukawa unatembea sokoni kama mkuu wa wilaya. Programu ya kurekodi manunuzi ilikuwa nzuri tu. Wakaleta mpya, ikaanza kugoma jioni fulani fulani wakati wa kufunga hesabu za siku. Fundi akija haigomi, akigeuza mgongo inagoma. Bosi wako akaanza kusema ni wewe unayeiharibu.

Mimi nilikuwa likizo kutoka chuoni. Nikakaa na wewe, diski ya programu ya zamani upande huu, mpya upande ule. Tukachukua kila kilichobadilishwa, tukaondoa nusu, tukajaribu. Ikigoma, tunajua kasoro imo kwenye nusu iliyobaki, tunaigawa tena. Tuliendelea hivyo mpaka ukabaki mstari mmoja. Programu ilikuwa inatafuta wastani wa kilo kwa kila mkulima, lakini mnunuzi jirani akipandisha bei, kwenu siku hiyo haji mkulima hata mmoja, nayo inajikuta inagawa kwa sifuri. Aliyeiandika alizoea enzi za ushirika. Hakuwaza kwamba msimu ukiwa umepamba moto jua linaweza kuzama bila mzani kuguswa.

Ulipiga meza kwa kiganja. "Doto, wewe mchawi!" Kisha ukatazama mlangoni kama kuna mtu, ukasema polepole, "Sasa nitafutie na ya kwangu."

Ya kwako ilikuwa kifafa. Kilikuanza tukiwa shule ya msingi, na kilikuwa na tabia ileile: mbele ya daktari huanguki hata kidogo. "Mbona namwona mzima?" anauliza, anatupa vidonge, vinakwisha, unaanguka tena. Ndipo mayu akaenda kijijini Shishiyu kuchukua mizizi ya dawa. Na nyumbani kwetu pacha hana dawa ya peke yake. Anachokunywa Kulwa, Doto naye anakunywa.

"Mayu, mimi siumwi," nilikuwa nalia.

"Mlikuja pamoja, mtakunywa pamoja."

Ilikuwa chungu, Kulwa! Wewe mgonjwa unameza kimya, mimi mzima nakunja uso, na wewe unanicheka mpaka dawa inakutokea puani.

Basi siku ile, nje ya ofisi yako, tulianza kugawa, tukitafuta kilichokupata wewe kisichonipata mimi. Malaria kali? Tuliugua wote. Kuanguka kwenye mkokoteni wa ng'ombe? Tulianguka wote, tena mimi juu yako. Sindano, ugali, maji ya kisima, fimbo za baba, vyote tulipata sawa. "Umetangulia kutoka tumboni," nikasema. Ukaniangalia. "Ndiyo hilo tu umepata, msomi?" Tukacheka, lakini niliona ulikuwa umetumaini kweli. Hakukuwa na kitu kingine cha kugawa.

Kiangazi kilichofuata ulipeleka ng'ombe kunywa kwenye silanga, lile bwawa letu, ukiwa peke yako. Waliokutoa walisema maji hayakupita magoti. Mimi nilikuwa chuoni, nimeinamia programu ya watu.

Hayo ndiyo maisha yangu mpaka leo. Nafundisha na kutafiti jinsi ya kuipata kasoro kwa kuweka nakala inayofanya kazi kando ya ile inayogoma. Watu wananiletea mifumo yao, naipata, wananishukuru. Na yule mwanafunzi akauliza: mwalimu, kama nakala mbili ni sawa kabisa na moja inagoma, unafanyaje? Nikamwambia aangalie mazingira zinamofanyia kazi. Aliandika. Mimi nikabaki nimeshika chaki, nikikumbuka kwamba sisi tulilala kitanda kimoja.

Nina hasira, kaka, na sijui nimkasirikie nani. Mimi ndiye ile nakala inayofanya kazi, na sijui kwa nini. Nikijua nitakuwa nimechelewa, nalo hilo nalijua, ila bado nagawa.

Leo asubuhi mayu alichemsha mizizi. Amezeeka, mikono inatetemeka, lakini hajakubali kusaidiwa. Akaweka bakuli mbili mbele yangu. Nikanywa ya kwanza. Akanisogezea ya pili.

"Na ya mwenzako."

Nilitaka kumwambia kwamba siumwi, sijawahi kuumwa, na kwamba wewe dawa hii haikukufikisha popote. Nikamwangalia usoni. Nikanywa na ya kwako, yote, mpaka chini.

Ni chungu vilevile, Kulwa. Nimekunja uso, na hakuna aliyecheka.

Pumzika, kaka.

Mdogo wako uliyemtangulia,
Doto